Kidude Kisicho na Swichi

S.L.P. 318,
Kitengela.

17 Septemba 2006

Mpendwa Dada Kavutha,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. U hali gani huko Gaborone? Kile kifua kimepona? Barua yako ya mwisho ilisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa, na kwamba zamu za usiku hospitalini zimekuchosha. Natumaini wamekubadilishia zamu, na yule jirani yako Mzambia bado anakuletea samaki wa kukaushwa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu Mwelu hajambo, watoto hawajambo, na magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi tu. Jua likishapanda anatembea mpaka kanisani na kurudi bila fimbo.

Mvua bado. Mzee Lesiamon amepeleka ng'ombe wake kutafuta majani upande wa Oltepesi, na punda milia wanakuja mpaka kwenye ua wa kanisa kunusanusa mfereji. Ukija utapotea hapa Kitengela. Kila mtu amezungusha seng'enge kipande chake, na pale tulipokuwa tukiokota kuni sasa kuna ghorofa yenye saluni chini.

Yule mbuzi wa Mama mwenye pembe moja amezaa mapacha. Kanisa limenunua kinanda kipya, na mpigaji ni yule yule wa zamani, kwa hivyo hakuna tofauti.

Mwelu amesoma mpaka hapa akiwa amesimama nyuma yangu, na ameniambia nikiendelea hivi nitafika mpaka kwenye bei ya nyanya. Anasema kweli. Naandika habari za mbuzi kwa sababu naogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Acha nilifikie.

Dada, Kaloki anajua. Anajua kwamba wewe si dada yake mkubwa, wewe ndiye mama yake. Amejua kwa sababu yangu, na hakujua peke yake. Walijua watu wote waliokuwa nyumbani kwa kina Wanjira siku tulipopeleka posa yake, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na wateja wake waliokuwa wamefungwa shuka shingoni.

Najua umeiweka barua chini. Ukiwa tayari, ishike tena. Nitakueleza kila kitu jinsi kilivyokuwa, na sitajipunguzia.

Nilijaribu kukupigia simu. Mara mbili nilisikia ikilia upande wako nikakata, kwa sababu sikujua neno la kwanza lingekuwa lipi. Anko Musila alitaka akupigie yeye, kama ndugu wa marehemu Baba na msemaji wetu. Mama akamkataza. Akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuniambia kitu tangu siku ile, akasema: "Andika wewe. Wewe ndiye uko na mdomo mkubwa."

Unaikumbuka ile solda ya kuunganishia nyaya uliyonitumia mwaka ule ulipoanza kazi huko? Uliandika kwamba nimeiharibu redio ya Baba kwa kisu cha moto vya kutosha, afadhali niiharibu kwa kifaa kinachofaa. Hiyo solda bado ninayo. Nimebadilisha ncha yake tu. Mchana ninatengeneza redio na simu za watu pale dukani, na jioni ninajitengenezea vidude vyangu visivyoombwa na mtu. Nimeunda kengele ya kumfukuza mbwa kwenye banda la kuku, na taa inayowaka yenyewe giza likiingia. Mwelu anasema nyumba yetu ina nyaya nyingi kuliko vikombe.

Siku hizi ninapata michoro kwenye saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Huko kwenye mtandao kuna watu, Dada, ambao sijui hata sura zao, wanachora saketi nzuri kabisa na kuiacha pale wazi, yeyote aichukue, aijenge, na akipata njia bora zaidi awaandikie. Na si saketi tu. Kompyuta yangu, ile laptopu kuukuu niliyoinunua betri ikiwa imekufa, ninaiendesha kwa programu za namna hiyo hiyo. Hakuna anayezimiliki. Ukitaka unaweza kufungua ndani na kusoma kila mstari ulioandikwa. Nilitumiwa CD zake kwa posta kutoka ng'ambo bila kulipa chochote, na bahasha ilipofika Mwelu alidhani ni watu wa dini fulani wananitafuta.

Nakueleza haya si kwa majivuno. Nilikuwa na majivuno mpaka mwanzo wa mwezi huu. Nakueleza ili ujue kitu chenyewe kilitoka wapi.

Katika michoro hiyo kulikuwa na mmoja wa kidude cha kurusha sauti hewani, ili isikike kwenye redio yoyote ya FM iliyo karibu. Nilikijenga. Kaloki ndiye aliyenisaidia kukunja waya wa shaba, akiuzungusha kwenye penseli, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba kama vyako. Nikakifungia ndani ya kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, betri ndani, waya mrefu nje, na kipaza sauti kidogo nilichokitoa kwenye simu mbovu. Kilifanya kazi vizuri sana. Nilikuwa nikikiacha jikoni, naenda mpaka kwa Lesiamon na redio mkononi, na kumsikia Mwelu akinisema.

Sasa sikia ya posa. Wanjira unamjua kwa picha tu. Ni msichana mtulivu, mcheshi ukimzoea, na anampenda Kaloki bila kujificha. Kwao ni Tuala, kule Rongai, wenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Baba yake, Mzee Wahome, ni mtu wa maneno machache. Wiki ile tuliyopangiwa, jirani yao wa ukutani alifiwa na mkewe, na mazishi yalikuwa bado. Wahome akasema hatafunga vipaza sauti kwake mtu akilia ng'ambo ya ukuta. Wote tuliona ni heshima.

Lakini wageni walikuwa wengi kuliko nyumba. Wazee wangekaa sebuleni, akina mama kwenye hema la nyuma na jikoni, vijana nje kando ya magari, na mazungumzo yangesikiwa na watu wa sebuleni tu. Hapo ndipo nilipoinuka kwenye kikao chetu cha kupanga, tena bila kuulizwa, nikasema nina dawa. Msemaji avae kidude changu, na kila mtu afungulie redio yake ndogo, sauti ya chini, asikie kila neno, na mfiwa asisumbuliwe. Kaloki alinipigia makofi. Anko Musila aliniangalia kama mtu aliyegundua kwamba mwana wa ndugu yake ana faida. Nilitembea wiki ile nzima nikiwa nimetanua kifua.

Kuna kitu nilikifanya usiku wa kuamkia safari ambacho ndicho mzizi wa yote. Swichi niliyokuwa nimeiweka, ya kutoka kwenye kaseti mbovu, ilikuwa imelegea. Ikiguswa, sauti inakatika. Nikaogopa isije ikakatika mbele ya wakwe nikachekwa. Nikaing'oa, nikaunganisha betri moja kwa moja. Kukizima ilibidi ufungue kisanduku na kuchomoa betri. Yule mtu aliyechora mchoro ule alikuwa ameandika chini kabisa, kwa herufi nene, kwamba usiache kuweka swichi, wala taa nyekundu ya kuonyesha kinarusha. Nilisoma. Nikaona ni uoga wa watu wasiojiamini.

Na sikumwambia Anko Musila. Alijua tu kwamba kuna kisanduku kwenye mfuko wa ndani wa koti na kipaza sauti kwenye kola. Sikumweleza jinsi ya kukizima kwa sababu nilitaka iwe kazi yangu, nionekane nikienda mbele kukizima.

Mambo yalianza vizuri. Akina mama wetu waliimba langoni mpaka wakafunguliwa. Wazee waliketi, sala ikasemwa, chai ikamiminwa. Ungezunguka boma lile ungesikia sauti ya Anko Musila ikitoka kwenye redio jikoni, kwenye redio hemani, kwenye pikapu ya Githinji, kaka yake Wanjira, vijana wakiwa wameiegemea, na hata kwenye redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara. Akina mama wa kwao walikuwa wakicheka vichekesho vya sebuleni wakiwa na miiko mkononi. Mzee Wahome mwenyewe alinishika mkono akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Dada, nilifurahi. Nataka ujue nilikuwa na furaha kubwa kiasi gani, ili ujue nilivyoanguka.

Kisha msemaji wao, Mzee Kinyanjui, akasema kwa adabu nzuri kwamba wangependa kumwona aliyemzaa kijana huyu, wamjue, kwa sababu binti yao ataishi karibu naye. Mama akasimama. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu ulilomletea. Vigelegele vikapigwa mpaka jikoni. Naye akabaki amesimama kidogo zaidi ya inavyotakiwa, mkono kwenye kiti, halafu akaketi.

Anko Musila aliomba watu wetu watoke kando. Unajua desturi hiyo, wao wanayo na sisi tunayo. Jambo likiwa gumu, wageni wanaenda kunong'onezana peke yao, na wenyeji wanabaki wakinywa chai na kujifanya hawana haraka. Wakaenda nyuma ya zizi la ng'ombe: Anko Musila, Mama, wazee wetu wengine, na Mzee Lesiamon, aliyetuuzia shamba na kushuhudia mambo yetu yote tangu enzi za Baba. Na kwa sababu Lesiamon hajui Kikamba, waliongea Kiswahili ili asijione ametengwa. Ni heshima ile ile ambayo tumempa siku zote. Wangeongea Kikamba, pengine nusu ya aibu hii isingekuwepo.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa stoo. Nilikuwa nimeweka laptopu yangu pale penye umeme, nimeiunganisha kwa waya na redio ndogo, inarekodi shughuli nzima ili tuwe na ukumbusho. Githinji anasomea mambo ya kompyuta, akaja na rafiki zake kuiona. Nikawa nawahubiria. Nilikuwa nikiwaambia kwamba programu hizi ni safi kwa sababu hazina kitu kilichofichwa, kila mtu anaweza kuangalia ndani. Nakumbuka neno kwa neno, na kila nikilikumbuka nataka kujifunika blanketi.

Sauti ikaanza kutoka kwenye redio, hafifu. Nilijua ni Anko Musila na nilijua yuko mbali. Hapa ndipo pananichoma, Dada. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuongeza sauti. Sikusikiliza maneno. Nilisikia tu kwamba kidude changu kinapita kuta, kinapita zizi na mabati, na bado kinasikika safi. Nikamwangalia Githinji nikatabasamu, nione kama ameona. Yeye hakuwa anatabasamu.

Anko Musila alikuwa akisema: "Tusidanganyane. Wameuliza nani alimzaa, na huyu amesimama ni nyanya yake. Kaloki ni wa Kavutha. Wakikuja kujua baadaye, watasema tuliwaficha."

Lesiamon akauliza polepole kama kijana mwenyewe anajua. Anko akasema hajui, tangu azaliwe hajaambiwa. Kisha akaongeza kwamba ulileta aibu nyumbani, ikafunikwa, na sasa imefika mahali pa kufunuliwa. Nayaandika maneno hayo kwa sababu utayasikia kwingine, na ni afadhali uyasikie kwangu. Mimi mwenyewe nilijua tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, ulipopelekwa kwa shangazi huko Makueni na Mama akarudi na "mtoto wake". Niliambiwa nifunge mdomo, nikaufunga miaka yote hii, na halafu nikaja kuufungua kwa betri.

Kisha Mama akaongea. Hajawahi kuongea na wazee hivyo. Alisema: "Kavutha hakuleta aibu, alileta mtoto. Mimi ndio nilisema arudi shule, mimi ndio nilisema mtoto ni wangu. Alikataa kuenda. Alilia hapo kwa mlango mpaka nikafunga na ndani. Kama kuna mtu ataulizwa, mniulize mimi."

Miguu yangu ilikuwa haijasogea. Unaweza kufikiri mtu angekimbia. Mimi nilisimama pale mkono kwenye kitufe cha redio, na hata redio hiyo sikuizima, achilia mbali zile nyingine.

Aliyekwenda ni Kaloki. Alikuwa ameegemea pikapu pamoja na vijana wengine, redio ikiwa imefunguliwa na mlango ukiwa wazi. Walioona wanasema hakukimbia. Alipita katikati ya viti, akazunguka zizi, akamfikia Anko Musila akiwa bado anazungumza. Akafungua koti lake, akatoa kile kisanduku cha sabuni, akachomoa betri kwa vidole vile vile vilivyokunja waya wa shaba. Anakijua kile kidude kama ninavyokijua. Akasema tu, "Anko, mko hewani."

Lesiamon ameniambia kwamba Mama aliketi chini pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Kaloki akavua koti lake akamwekea mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Halafu akatoka langoni kwa miguu. Hakuaga mtu, na mimi alinipita stoo bila kuniangalia.

Sitaki kukuchosha na jinsi saa zile zilivyokuwa. Chakula kilikuwa kimeiva na kukiacha kungekuwa tusi, kwa hivyo tuliketi tukala mukimo na nyama bila mtu kumtazama mwenzake. Mzee Wahome hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kitu kimoja nitakukumbusha siku zote, utakapomwona Wanjira: maji ya kunawa yalipoletwa, alimnyang'anya birika msichana wa jikoni, akamnawisha Mama mikono yeye mwenyewe, akampangusa kidole kwa kidole.

Tulipomaliza, Mzee Kinyanjui alisimama. Niliinamisha kichwa nikijua tunafukuzwa. Akasema: "Kijana hana makosa, na huyu mama hana makosa. Lakini sisi hatuwezi kuoza msichana kwa mama tumemsikia kwa redio. Muende. Mkirudi, mkuje na huyo Kavutha. Hata kama hatasema kitu, akae hapa tumsalimie."

Kwa hivyo ndivyo ilivyo, Dada. Posa haikukataliwa wala haikukubaliwa. Imesimama, inakungoja. Wamesema Desemba, wakijua ndipo unapopata likizo. Usipokuja hawatatukana mtu, lakini Wahome hatatuita tena, na Wanjira ni mtoto anayemsikiliza baba yake.

Tangu tulipotoka Tuala, Mama hasemi nami. Chai yangu inakuja kupitia kwa watoto. Dukani watu wananiletea redio nzima zisizo na ubovu wowote, halafu wananiuliza kwa uso mkavu kama inashika ile stesheni yangu, ya Nzomo. Vijana wa stendi wananiita Redio Tuala. Sina hasira nao. Juzi Anko Musila alipita njia ya juu ili asikutane nami, mzee wa umri ule anapanda mawe kwa sababu yangu. Naye ana aibu yake, ya yale aliyoyasema juu yako, na mimi ndiye niliyempa kipaza sauti. Kanisani ninakaa nyuma karibu na mlango. Usiku ninaamka nikiona tena mkono wangu ukiongeza sauti. Ningekuwa nimekosea kwa bahati mbaya tu, ningejisamehe. Lakini kwa ule muda mfupi, maisha yako na ya mwanao yakimwagika uani kwa watu, mimi nilikuwa nikijipongeza kwa jinsi yanavyosikika vizuri. Hiyo ndiyo aibu yangu, na sijui pa kuiweka.

Kaloki hakurudi nyumbani. Alienda Oltepesi, ambako yeye na wenzake wa kazi wanafunga pampu ya maji, akalala huko nao. Simu alizima. Wanjira ndiye aliyekuwa akipata habari zake na kutuletea neno moja moja, kwamba amekula, kwamba yuko.

Jumapili iliyopita alikuja dukani kwangu, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimepanga cha kumwambia, lakini yeye akatangulia. Akaniuliza kama laptopu ilikuwa ikirekodi hata ule wakati. Nikasema ndiyo, na kwamba nilikuwa nangoja tu nipate moyo wa kufuta. Akasema nisifute. Akavaa vile visikilizi vya masikioni, akasikiliza akiwa amenipa mgongo. Alipofika mahali Mama anaposema ulilia mlangoni, alirudisha. Akarudisha tena. Mimi nilikuwa nimeshika redio ya mtu na bisibisi, nimejifanya ninafanya kazi.

Baadaye akavua, akasema nikate yote, nimwachie maneno ya Mama peke yake. Nikakata. Kisha akauliza kama mashine inaweza kurekodi sauti yake, aweke mwishoni. Nikamwekea kipaza sauti mezani, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akakishika kipanya cha kompyuta, halafu akakiachia, akaniuliza, "Sasa nikianza, nimuite nani?"

Miaka yote amekuita Dada, na wewe umeitikia. Nilimwambia aanze bila jina. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hiyo haitoshi.

Nikatoka nje. Lakini kabla sijatoka nilichukua kile kisanduku cha sabuni kilichokuwa rafuni, nikakifungua mbele yake, nikamwonyesha kwamba hakina betri. Nikachomoa na redio zote za wateja ukutani, hata zile mbovu. Aliniangalia nikifanya hivyo, na nadhani alikaribia kucheka. Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye jiwe la muuza mahindi, mpaka alipofungua mlango. Hakusema alichosema. Alinishika bega akaenda zake kwa Mama, na jioni nilipofika nyumbani nilimkuta amelala kwenye kiti, Mama anamfukuzia nzi. Bado anamwita Mwaitu, yaani mama, kama zamani.

Ndani ya bahasha hii utaikuta CD. Nimeitengeneza ichezwe kwenye redio yoyote ya CD, huhitaji kompyuta. Ina vipande viwili. Cha kwanza ni Mama, mlangoni. Cha pili ni Kaloki. Sijakisikiliza, na Mwelu ni shahidi wangu.

Sikuombi unisamehe kwanza ndipo uje. Njoo hata ukiwa umenikasirikia, unitukane stendi mbele ya wale vijana, nitabeba mizigo yako nikitukanwa. Ukisema huji, nitaandika kwa Mzee Kinyanjui mimi mwenyewe, na nitamwambia kosa ni langu lote. Lakini njoo.

Kile kidude nilitaka kukivunja. Kaloki amekataa, anasema kitu hakina kosa. Basi nimekiwekea swichi mpya, ngumu, na taa nyekundu, na nimemwandikia yule mtu wa mchoro kumwambia alikuwa sawa. Alinijibu kwa upole, akauliza nini kilitokea. Sijamjibu.

Anko Musila anakusalimu, ameomba niliandike hilo na hakuthubutu kuongeza jingine. Mzee Lesiamon anakusalimu na kusema sopa, kwa salamu ya Kimaasai, na kwamba maziwa ya Desemba ameshakuwekea nia, ng'ombe wakirudi. Mwelu na watoto wanakusalimu. Wanjira anakusalimu, ingawa hamjaonana, na anauliza unapenda chai ya tangawizi au isiyo na kitu. Mama hajasema nikusalimie. Lakini ameliosha gauni la bluu na kulianika, na ameuliza mara kadhaa kama ndege ya kutoka Botswana inatua mchana au usiku.

Mungu akulinde kazini, akufunike njiani, akufikishe mlango ukiwa wazi.

Neno la mwisho, la kifundi. Kwenye kompyuta sauti huonekana kama mstari: mtu akiongea unapanda na kushuka, akinyamaza unalala. Nilipokuwa nikiiandika CD niliuona mstari wa Kaloki, ingawa sikuusikia. Mwanzoni umelala kwa muda mrefu sana. Ukifika hapo usidhani CD imeharibika, na tafadhali usiizime. Ni yeye, anatafuta jina la kukuita.

Wako akupendaye, hata kama wiki hii hastahili kuandika hivyo,

Ndugu yako,
Nzomo